Ngozi ya Karatasi

Wananiambia ameanguka. Mara ya tatu mwezi huu,
na kila mara huanguka kwa ustadi:
alama nne upande mmoja wa mkono,
moja upande wa pili.

Hapa Duluth theluji imefika madirishani.
Mama Aune, aliyenikemea kwa Kifini
nisipomaliza viazi,
siku hizi hutazama mlango kabla ya kujibu.
"Wananitunza," anasema. Kijiko kinamtetemeka.
Bilauri ya maji wameiweka
pale mkono usipofika.

Muuguzi anatabasamu: "Uzee tu. Ngozi zao ni karatasi."
Karatasi, sawa.
Basi nitaisoma.

Nimepiga picha. Nimeandika tarehe.
Nimeomba faili lake, wakanipa nusu.
Wakili Bakke, ofisi juu ya duka la chambo,
alivaa miwani, akapekua, akanyamaza mno
hata nikasikia bomba la joto likigonga ukutani.
Kisha akauliza nisilolitarajia:
"Mama yako hupenda nini?"

Kahawa, nikasema. Chungu, bila sukari.
Na kuufunga mlango wake kwa mkono wake.

Akaandika hilo kwanza,
juu kabisa ya ukurasa,
kabla ya madai.