Hana Mikono

Tulipogawana vya shangazi Sikudhani, pale Mbagala Kizuiani,
kaka alichukua cherehani, mkewe akachukua masufuria,
jirani akaja kudai kinu chake, na kweli kilikuwa chake.
Mimi nikabakiwa na kopo la maziwa ya unga,
kifuniko kimeshikwa na kutu.
Ndani, kipande cha kaniki. Ndani ya kaniki, yeye.

Mwana hiti.
Kimo chake kiganja na vidole viwili,
mti mweusi kwa mafuta ya nyonyo na jasho la wanawake nisiowajua,
kichwa kimegawanyika juu kama kunde iliyoanza kuota,
shanga tatu nyeupe, ya nne imeacha alama tu.
Hana mikono. Nilimgeuza nikitafuta palipovunjika.
Hapakuvunjika. Ndivyo alivyochongwa.

Kaka akasema, Mwenge kuna mtu ananunua vya kale,
laki mbili, labda na nusu, kodi ya miezi mitatu hiyo.
Nami sikuwa na kazi tangu Machi,
duka la madaftari lilipofungwa na tajiri akatuaga kwa soda.
Nikamfunga kwenye gazeti. Nikafika mpaka kituoni.

Mimi waliniweka ndani siku saba tu, maana shule zilikuwa zinafunguliwa,
na zote saba nilinuna, nikitaka simu yangu.
Shangazi alinipa huyu, na kichupa:
Mpake. Mchane. Mlaze kabla hujalala.
Nikauliza, ataniletea nini?
Akacheka hadi kanga ikamdondoka.
"Akuletee! Kwa mikono gani?"

Basi nikarudi nyumbani na laki mbili zangu zisizokuwapo.

Vipande vya kitenge nilipewa bure na fundi Chagonja, Mtaa wa Kongo,
vile anavyovifagia jioni. Sufi nilinunua kwa bakuli.
Wa kwanza alitoka kama kiazi.
Wa pili, kiazi chenye shanga.
Wa saba akanitazama, ingawa sikumtia macho.

Huyu wa mti sikumwiga. Yeye ana wenyewe.
Wangu ni wa nguo, vitukuu wake wa mjini,
nawalaza kwenye boksi la viatu vya watoto nililolipaka rangi,
na mafuta ya nazi kijiko kimoja kwenye kichupa cha manukato,
na karatasi ya mwandiko wangu: Mpake Ijumaa.
Nesi wa Temeke alichukua wawili, kwa mzazi wa pacha.
Kijana wa bodaboda alinunulia mchumba,
akaomba punguzo, akaomba tena, akapewa.
Wote huuliza: mbona hana mikono?
Zamani nilieleza sana. Siku hizi namwacha mtu amshike,
nanyamaza,
naangalia vidole vyake vinavyojikunja vyenyewe.

Mmoja alirudishwa.
Nsia, aliyekwenda usaili benki mara mbili na mara mbili wakamwambia tutakupigia.
"Bahati yako feki," akasema, akaliweka boksi mezani.
Nikamhesabia elfu kumi na mbili zake zote, hata noti iliyochanika nikambadilishia.
Alipoondoka nikafungua. Nilitarajia vumbi.
Alikuwa laini, anang'aa mafuta,
kitenge kimekwisha kifuani,
pale hasa kidole gumba kinapopita.

Sijamuuza tena.
Kwenye daftari, safu ya madeni, nimeandika Nsia,
ingawa si yeye anayedaiwa.
Namba yake ninayo. Kila nikiifungua naona bado sijapata la kusema.

Leo nina oda ya arobaini, bibi harusi anaagwa Tabata kesho,
wamebaki kumi na mmoja, sindano imenichoma mara mbili pale pale,
umeme umekatika, na tochi ya simu imebakiwa na asilimia tisa.
Nimeweka uzi chini kwanza.
Nimefungua kopo.
Ni Ijumaa.