Daftari la Kibandani

Nyanda za juu za Aislandi, pale
barabara inapokata tamaa na kugeuka mawe.
Septemba. Mvua inapiga kwa ubavu.
Tumekuja kuteremsha kondoo kabla ya theluji.
Vitanda sita, jiko la gesi, soksi zinafuka mvuke,
na daftari, limefungwa kwa kamba kwenye msumari
lisije likajiendea.

Kila apitaye sharti aache ubeti.
Daktari wa mifugo kamsema dume mwenye maringo.
Fundi umeme kaidai serikali nguzo zake.
Majirani wawili waliogombea uzio miaka kumi na mmoja
wametukanana humu kurasa tatu, kwa vina safi,
mpaka mmoja akakosa jibu,
akacheka,
akalipa nusu ya waya.

Hakuna anayejiita mshairi.
Mwite Hallbera hivyo, atakutazama
kana kwamba umemwita malkia kwa kuwa amekalia kiti.

Jana usiku Sindri, mwendesha katapila,
alilivuta daftari karibu na mshumaa.
Mama yake tulimzika Jumanne.
Hatukumwambia kitu. Tulimenya viazi.
Aliandika, akafuta, akaandika
(kwao una mizani yake; hapa nauleta kwenye yetu):

*Mama kaacha kikombe, dirishani kinang'aa,*
*Hakina hata ujumbe, kahawa tu imekaa,*
*Nimewalisha na ng'ombe, nimezima na redio,*
*Kukiosha, msiombe, kikae hivyo na njaa.*

Hallbera akavaa miwani.
Akasoma kwa midomo, bila sauti, mara mbili.
Maji ya viazi yakachemka, yakamwagika, hakuna aliyeinuka.

"Mstari wa tatu," akasema, "unachechemea."

Mimi nilitaka kumpiga mwiko.
Mtu amefiwa, wewe unahesabu vina!

"Tena mama yako hakuwa na redio.
Alikuwa na taa, ile ya jikoni.
Kwangu, ng'ambo ya bonde, nilikuwa siendi kulala
mpaka niione imezimwa.
Miaka arobaini, Sindri.
Jumatano nimekaa mpaka alfajiri,
sijui nilale saa ngapi."

Sindri hakujibu.
Akachukua kifutio, akasugua *redio*
kwa nguvu za mtu wa katapila,
karatasi ikatoboka.

Leo asubuhi, wengine wakifunga tandiko,
nimelifungua nilione.
*Nimeizima na taa*, ameandika,
na *taa* imebidi ikae pembeni,
ukingoni mwa tundu.