Ji

Mimi ni karani. Naandika kinachosemwa,
si kinachomezwa.
Miaka ishirini na sita, mahakama ya Masasi,
dirisha langu linatazama Mkomaindo,
na mlima ule haujawahi kuitwa shahidi.

Kesi ya Mfaume Chinguile ilisikilizwa msimu wa minada.
Magunia yamejaa hadi barazani kwa chama cha msingi,
watu wananong'onezana bei ya korosho
Jaji akiwa keshaketi.
Shtaka: kwamba mkewe, Somoe, alijiua,
na kwamba yeye alikuwa na mkono.

Sheria inauliza kwa vitenzi vitatu.
Ulimshawishi? Ulimshauri? Ulimsaidia?
Wakili wa Serikali akatafuta mkono siku nne.
Alichokipata ni hiki:

mikorosho arobaini na mmoja, urithi wa Somoe kwa bibi mzaa mama,
malipo yakiingia simu ya Mfaume;
miezi minane bila kuitwa jina,
ni "we", ni "huyo", ni "kile kilichoko huko";
sahani ya ugali iliyorudi jikoni kila jioni
na kawa lake juu, haikuguswa,
bwana keshakula kwa bi mdogo.
Na siku moja, ua ukiwa na watu,
"Mwenye haya hangoji kuambiwa aondoke duniani."

Fundi wa bati alikuwa juu ya paa, alisikia.
"Nilidhani utani," alisema kizimbani.
Kisha, kwa sauti ndogo, nami nikaiandika:
"Nikapiga msumari uliofuata."

Wakili wa utetezi hakupandisha sauti hata mara moja.
Mheshimiwa, neno halina alama za vidole.
Mheshimiwa, siku ile mteja wangu alikuwa Mangaka,
hii hapa risiti ya mzani.
Risiti ikapokelewa. Ilikuwa na muhuri.
Sahani haikuwa na muhuri.

Bi Esha Namkuva, mama wa marehemu, alisema kwa Kimakua,
maneno mengi, mkono kifuani.
Mkalimani akayatafuna, akatoa machache:
"Anasema mtoto wake hakuwa peke yake."
Jaji akauliza: nani alikuwa naye?
Mama akatutazama sote, mmoja mmoja,
hata mimi.
Niliandika: *shahidi amenyamaza*.

Hukumu niliichapa mwenyewe, kurasa kumi na saba.
Maudhi yapo, ilisema, lakini maudhi si ushawishi.
Shaka ikabaki, na shaka ni mali ya mshtakiwa.
Mfaume akatoka mlango wa mbele,
akasimama kidogo kufunga kamba ya kiatu.

Lakini mimi nilikwama ukurasa wa pili.
*Marehemu alijiua.*
Neno moja, na tumboni mwake silabi,
ndogo, unaweza kuipita kama kichuguu.
Itoe, weka *m*, na mtu anakwenda jela.
Iache, na kila mtu anakwenda nyumbani.
Nilikaa nayo mpaka taa za uani zikawaka.
Ji.
Ya jina ambalo hakuitwa.
Ya jiko, sahani inarudi.
Ya jirani aliyesikia, akafunga dirisha kwa sababu ya vumbi.
Nani aliwapanga wote hao humo ndani,
tukasema ni yeye mwenyewe?

Wiki iliyofuata Bi Esha alikuja kuchukua nakala.
Hakutaka yote. Nisomee, alisema, penye mwanangu tu.
Nikamsomea.
Akaweka kidole gumba juu ya neno, kama anatia sahihi,
kikafunika katikati, zikabaki herufi za pembeni.
"Hapa pameandikwa nini?"

Nimefundishwa kujibu swali kama lilivyoulizwa.
Nilisema, "Pameandikwa ji, mama."
Akangoja.
Feni ilizunguka. Mtu alipita na baiskeli na gunia.
Bado ameweka kidole.