Mizani ya Mwaka wa Tano

Nerys ananiambia nivue viatu.
Hunambia hivyo kila mwaka, kwa upole uleule,
kana kwamba uzito wangu wote uko kwenye soli.
Navua. Navua na koti, na saa, na mkufu.
Angeniruhusu, ningevua na chai ya asubuhi.

Mia moja na kumi na mbili.

Dirishani mvua ya Swansea haishuki, inapita ubavuni.

Nilipoanza nilikuwa mia na thelathini na moja.
Waliniingia kwa kinywa, si kwa kisu:
mpira mwembamba wenye jicho, na sindano mwishoni,
wakalikunja tumbo kwa ndani, wakalipiga bandi
kama mama alivyopunguza gauni la dada
ili limwenee mdogo.
Niliamka koo linawaka, ngozi haina hata kovu.
Jirani akauliza, "Kwani hospitali ulifuata nini?"

Wiki za supu iliyochujwa. Kijiko cha mtoto.
Mwaka wa kwanza nilikuwa bibi harusi:
simu kutoka Tanga, simu kutoka Muheza, tutumie picha,
geuka, hebu geuka tena.
Mia na tatu! Shemsa alinikumbatia,
vidole vyake vikakutana mgongoni kwangu
kwa mara ya kwanza tangu nimzae. Akalia.
Mimi nikasema ni vumbi.
Vumbi, Wales, mwezi wa Novemba.

Mwaka wa tatu hakuna anayepiga simu.
Mwaka wa tatu Hatibu aliugua,
nikawa nakula nimesimama, usiku, kwa mwanga wa friji,
mabaki ya sahani aliyoshindwa yeye.
Daktari Pritchard akanionyesha kwenye kioo:
nyuzi mbili zimelegea, tatu zimeshika.
Nikamwambia, tumbo nalo lina kumbukumbu.
Akaandika kitu. Sijui aliandika nini.

Matangani mwanamke mmoja akanishika shavu:
"Afadhali. Sasa umerudi kuwa wewe."
Nilimwitikia. Nikaenda chooni, nikakaa
mpaka wakagonga.

Baba alikuwa mtu wa mashairi.
Alinifunza kuhesabu mizani kwa vidole gotini:
nane, pumzi, nane.
Mstari ukizidi, alisema, usiutukane,
tafuta neno lililojificha humo.
Basi usiku wa jana, kwa kuogopa asubuhi hii,
nilihesabu kwa vidole:

*Tumbo lilipokunjuka, nalo nikalitazama,*
*Uzi wangu ukachoka, lakini haujakoma,*
*Kilo tisa zikafika, kumi na tisa zazama,*
*Nani anayeandika, kwamba hesabu ni njema?*

Nerys haandiki hivyo. Kompyuta yake ina mstari
ulioteremka, ukatulia, ukaanza kupanda,
naye kidole chake kinakwenda palepale, kwenye kupanda.
Halafu anafungua ukurasa wa sukari,
anakaa kimya kidogo.
"Vidonge vilikuwa vinne," anasema.
Nusu kimoja, namjibu. Nusu, tena usiku tu.

Simwambii kuhusu Townhill.
Jumamosi nilipanda mlima ule kwa miguu, na mfuko wa viazi,
nikasimama mara moja,
na hiyo moja ilikuwa kusoma tangazo la paka aliyepotea.
Nilisoma lote. Nilikuwa na pumzi ya kulisoma kwa sauti.

"Ungekubali tena," anauliza, "kama ungejua?"
Swali lenyewe limo kwenye fomu; kalamu inasubiri.

Niko chini, nafunga kamba.
Miaka kumi nilivaa viatu vya kuchomeka mguu tu,
hata kwenye theluji, hata harusini.
Fundo la kushoto. Fundo la kulia.
La kulia limekaa vibaya, nalifungua,
nalifunga upya, bado nimeinama,
na Nerys, Mungu ambariki, hanikimbizi.