Kiboko wa Mferejini

Simba hatuna Ahero.
Mvivu wa Maandiko alisingizia simba njiani,
mimi nikasingizia kiboko.
"Kuna kiboko mferejini," nilimwambia Mikal
aliponigongea dirisha saa kumi na moja alfajiri,
debe tupu mkononi, kombeo shingoni.
"Kwelea wameshuka, Ogweno. Amka."
Nikavuta blanketi. Kitanda kikalia
kama mlango uliokosa mafuta:
nikageukia ukutani,
nikageuka tena, nikarudi palepale.

Nilikuwa na ujuzi wangu, msinicheke.
Miaka tisa katika bohari la nafaka Nakuru
nikihesabu magunia ya watu.
Nilijua uzito wa gunia kwa kulitazama tu,
sikujua linavyojaa.
Nikarudi na kiinua mgongo na viatu vya ncha,
nikakodi majaruba mawili kando ya mfereji
na kumwambia kila aliyenipisha njia
kwamba ndege hawafukuzwi kwa makelele,
ndege hufukuzwa kwa akili.

Akili ilikuwa kanda za kaseti.
Nikazitandaza kijiti hadi kijiti, mistari kumi na minne,
zikametameta, zikavuma upepo ulipotoka ziwani.
Siku ya kwanza kwelea waliogopa.
Ya pili wakaulizana.
Ya tatu wakatua juu ya kanda wakapembea
kama watoto wa shule wakati wa mapumziko.

Mikal alikuja tena. Mjane, darasa la nne,
jaruba lake limepakana na langu.
"Kanda ni nzuri," alisema, "ila kanda haina miguu.
Mpunga ukitia maziwa unataka mtu.
Wiki tatu tu. Tupokezane, mimi asubuhi, wewe jioni."
Nikamuuliza kilimo amesomea wapi.
Akatazama viatu vyangu,
akatazama tope,
akaenda zake akipiga debe.

Masikio nilikuwa nayo. Yalikuwa yamejaa mimi.

Nilidhani umaskini huja na panga na kelele.
Haukuvunja mlango.
Ulikuja na mdomo mwekundu, uzito wa barua,
ukala punje moja,
ukaita ndugu zake.
Wingu lile lilipoinuka, masuke yangu yalisimama wima.
Kwa mbali ungesema yana afya.
Suke lenye punje huinama, kila mtoto wa Kano analijua hilo.
Yangu yalisimama kama mimi, vichwa juu, matupu.

Magunia mawili na nusu. Nilitarajia ishirini na manane.

Jumapili iliyofuata zamu ya kusoma somo ilikuwa yangu.
Katekista Yuanes hakunichagulia; kalenda ilinichagulia
yule mdudu asiye na mkubwa wala nyapara
ambaye ghala lake halikosi kitu.
Niliposema "chungu", benchi la nyuma likakohoa.
Nikasoma hadi mwisho.
Sauti ilikuwa yangu, ila niliyemsikia ni Mikal.

Msimu huu natoka gizani miguu mitupu.
Kiboko sijamwona bado.
Jana nilimkuta ukingoni, nikamuuliza,
kama mtu anayejifunza kusema,
debe hupigwaje
mkono usichoke kabla ya jua.
"Polepole," akasema. "Na usimame upande unakotoka upepo."

Nikahama, nikasimama alikonionyesha.