Makabidhiano, Vingunguti

Walikuja saa nne, magari matatu ya wizara,
wakakuta darasa la nne linakaa kwa zamu:
waliosimama wakisubiri waliokaa wachoke.

Kuanzia leo shule iko chini yetu,
alisema mwenye faili. Halmashauri imeshindwa.

Mwalimu Siwatu akatia saini mara saba
kwa kalamu ya kuazima.
Madawati arobaini na moja, mazima kumi na tisa.
Matundu ya choo manne, moja limeziba.
Chaki, nusu boksi.
Kengele?
Akawaonyesha rimu ya Fuso inayoning'inia kwenye nondo.
Fomu haikuwa na safu ya rimu.
Wakaandika: hakuna.

Mimi, mama Shukuru, nilinyoosha mkono.
Nilitaka kuuliza tu:
halmashauri serikali, wizara serikali,
mkono wa kulia umeupokonya wa kushoto
sufuria ileile, tupu,
sasa sisi tushangilie nini?
Muda, wakasema, hautoshi.

Wakapiga picha. Vumbi likawasindikiza hadi lami.

Saa sita Shukuru akaokota nondo,
akaigonga ile kengele isiyokuwepo,
na watoto mia tisa
wakatoka mbio.