Jasho la Ndimu

Neli ya kulia imebaki manjano hafifu,
chai ya mgonjwa.
Ya kushoto ingali buluu nzito,
wino wa cheti cha kuzaliwa.
Wanga ule ule, ayodini ile ile, dakika kumi zile zile,
na panya ni mmoja.

Wiki tatu nyuma nilimshikia Nyamvula taa
(mkono wangu ulitetemeka, wake haukutetemeka)
akaukata uzi chini ya sikio la kushoto,
mwembamba kuliko uzi wa kofia ya vito.
Tezi hakuigusa.
Damu iliendelea kuifikia, ikala kama nduguye wa kulia,
ila hakuna tena wa kuibishia hodi.
Leo mizani inasema imepungua theluthi,
na kimeng'enya kilichomo
hakitoshi kuvunja punje ya wali.

Nikauliza: haina njaa?
Nyamvula akasema: haina habari.
Andika.
Nikaandika.
Feni za Tudor huzungusha joto, hazilipunguzi.

Sikuandika habari za babangu, Shekuwe wa kachiri,
aliyefunguliwa shavu Makadara mwaka juzi,
ukatolewa uvimbe, na nusu ya tezi, na nyuzi zake.
Neva huota tena, daktari alituambia.
Hakutuambia huota kuelekea wapi.

Sasa akizikamulia ndimu kachiri zake pale Kibokoni,
kabla hata hajaonja,
shavu la kushoto linalowa.
Wateja hudhani ni joto la karai.
Lakini karai limeshaepuliwa,
na la kulia ni kavu kama karatasi ya kufungia.
Yeye hujipangusa kwa ncha ya kikoi, hucheka:
"Mate yangu yamehama nyumba."

Ndivyo hasa.
Ule uzi ulirudi gizani ukipapasa,
ukafika mlango usio wake, ukabisha,
na ngozi, maskini, ambayo maisha yake yote
haijapata kuulizwa neno juu ya chakula,
ikaitika kwa kile ilicho nacho.

Usiku tunakula muhogo wa kuchemsha.
Hutafunia kuliani, taratibu, jicho kafumba,
mpaka muhogo unapogeuka utamu.
Hilo najua kulipima: neli, tone, saa.
La kushoto
namsogezea leso tu,
naye huipokea bila kunitazama,
kama mtu anayepokea barua ya jirani
iliyoletwa kwake kwa makosa,
na keshaisoma.